Vita Viliisha Kampala, Usukuma Vikabaki

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na kwa Watanzania wengi historia ya Vita vya Kagera huishia hapo, au husogea kidogo hadi kwenye mapokezi ya mashujaa na sherehe za ushindi. Kipande kinachofuata hakisimuliwi sana. Kabla ya Idi Amin kuvamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Jeshi la Wananchi lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Katika miezi michache idadi ilivuka 150,000, na kama 40,000 kati yao walikuwa mgambo: watu waliotolewa shambani na machungani, wakafundishwa harakaharaka, wakapelekwa mstari wa mbele pamoja na polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mikoa ilitakiwa kutoa watu wake. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kwani Mkoa wa Simiyu haukuzaliwa hadi 2012. Vita vilipokwisha, nchi haikuwa na fedha za kigeni wala uwezo wa kulilisha jeshi kubwa kiasi hicho, kwa hiyo watu walirudishwa makwao. Namna ya kuwapokea hao waliorudi, na namna ya kuzidhibiti silaha zilizozagaa nyuma yao, ni mzigo ambao kwa sehemu kubwa uliviangukia vijiji.

Mtu aliyepelekwa vitani, na hasa aliyepelekwa akiwa mtoto, harudi nyumbani siku anapokabidhi bunduki. Anarudi pale kijiji kinapompa nafasi yenye riziki na masharti, na pale serikali inapokubali kuigharimia nafasi hiyo kwa miaka badala ya wiki. Kimoja kikikosekana, kingine hupotoka. Tanzania iliandikisha watu wazima kwenda Uganda, haikuandikisha watoto. Hata hivyo, yaliyotokea Usukuma baada ya 1979 ni kipimo kizuri cha kuyapimia yaliyowapata watoto waliotumiwa vitani huko Luwero na Gulu, nchini Uganda, kwa kuwa sehemu kubwa ya masaibu yao ilichipuka katika vita vilevile.

Tuanze na Usukuma. Kwa Msukuma wa Bariadi, ambako wenyewe hupaita Ntuzu, ng'ombe ni akiba, ni mahari, na ndiye anayeiokoa familia mwaka mvua ikikataa na pamba ikinyauka. Wizi wa mifugo ulikuwepo siku zote, na upande wa mashariki, kwenye nyika zinazopakana na Wamasai na Wataturu, mapambano ya mikuki na mishale yana historia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mizani ilibadilika, kwa sababu wezi walianza kuja na bunduki. Ray Abrahams, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Uingereza aliyeanza utafiti wake Unyamwezi mwishoni mwa miaka ya 1950, ni mmoja wa waliouhusisha wizi huo wa kutumia silaha na vita vya Uganda. Hiyo haikuwa sababu pekee. Maduka yalikuwa matupu, sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni, bei ya pamba haikumlipa mkulima jasho lake, na hatua za kuwahamishia watu vijijini katika miaka ya 1970 zilikuwa zimewatenga wengi na mazizi na malisho yao ya zamani. Haki itendeke pia kwa waliopigana: wengi wao walirudi wakashika jembe, na hakuna aliyewasikia tena. Lakini wachache wanaojua kutumia bunduki na wasio na cha kufanya wanatosha kuiharibu wilaya nzima.

Serikali ilikuwa imeshajaribu njia ya mabavu katika eneo hilo, na matokeo yake yalikuwa aibu ya kitaifa. Mwaka 1976, katika kuchunguza mauaji yaliyokithiri Mwanza na Shinyanga, mengi yakiwa ya vikongwe walioshukiwa uchawi, polisi na watu wa usalama waliwakamata mamia ya wananchi. Waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Mwanzoni mwa 1977 viongozi wakuu waliwajibika kwa kujiuzulu, akiwemo Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo. Hivyo bunduki zilipoingia miaka michache baadaye, zilikuta polisi wachache waliokuwa mbali, ambao raia hawakuwaamini na hawakuwa na hamu ya kuwakimbilia.

Katika mazingira hayo ndipo Sungusungu walipozaliwa. Vikundi vya kwanza vilionekana kati ya 1981 na 1982 kwenye mpaka wa Unyamwezi na Usukuma, upande wa Kahama na Nzega, na kwa muda mfupi vikaenea Shinyanga, Mwanza na Tabora. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale. Filimbi ilipopulizwa kijiji kimoja, ililazimu kila mwanamume mwenye nguvu atoke, na kijiji cha pili kiipokee sauti na kuipeleka mbele, mpaka mwizi aliye na bunduki ajikute amezungukwa na watu wasiohesabika waliojificha vichakani, kila mmoja na mshale wake. Kiongozi wa kikundi aliitwa ntemi. Cheo hicho kilikuwa cha watawala wa jadi waliofutwa baada ya Uhuru, na watu walikirudisha bila kumwomba mtu ruhusa. Wakubwa serikalini waligawanyika. Wapo walioona uasi, wapo walioona ujamaa wenyewe umesimama kwa miguu yake, na Mwalimu Nyerere alikuwa upande wa pili. Mwaka 1989, chini ya Mwinyi huyohuyo ambaye sasa alikuwa Rais, sheria za mgambo zilirekebishwa na kazi ya Sungusungu ikapata kivuli cha sheria.

Watu wengi wanapowazungumzia Sungusungu husimulia mishale. Kwangu, kilichofanya kazi zaidi kuliko mishale ni adhabu yao ya kutengwa. Mtu aliyethibitika kuiba, au kuwaficha wezi, hakusalimiwa. Hakupewa moto wala maji, hakukopeshwa chumvi, na akifiwa hakupata wa kumchimbia kaburi. Katika nchi ambayo palizi na ujenzi hufanywa kwa kusaidiana, hiyo ni adhabu inayokaribia kifo. Lakini ilikuwa na mlango wa kutokea. Aliyekiri mbele ya mkutano, akalipa faini iliyoamuliwa, iwe ng'ombe au chakula cha kuliwa na kijiji kizima, alirudishiwa salamu siku hiyohiyo, na mara nyingi alitakiwa kuingia katika doria pamoja na wenzake. Desturi hii haikubuniwa mwaka 1982. Wasukuma wana dagashida, mkutano wa wanakijiji unaosikiliza makosa na kuamua, na walikuwa na vyama vya vijana vya kulima kwa zamu vilivyoongozwa na vijana wenyewe, ambamo mtegaji aliadhibiwa na kisha akarudishwa kwenye mstari wa kulima. Mkosaji alipewa njia ya kurudi inayoonekana, yenye gharama na yenye mwisho. Hicho ndicho kinachokosekana katika mipango mingi ya kisasa ya kuwarudisha wapiganaji uraiani.

Sifa hiyo haifuti ubaya wao. Sungusungu walipiga watu na waliua watu, na katika vijiji vingi waliwaandama wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, wanawake ambao hawakuwa na ng'ombe wa kulipa wala ndugu wenye sauti mkutanoni. Kijiji kinachojua kupokea kinajua pia kufukuza, na hufukuza wanyonge kwanza. Anayedhani mila pekee inatosha kuwarudisha watu waliotoka vitani akumbuke vikongwe wa Shinyanga. Mila ilihitaji sheria juu yake, kama sheria ilivyohitaji mila chini yake.

Wakati Usukuma ikihangaika hivyo, vita vya 1979 vilikuwa vikizaa mambo mazito zaidi upande wa pili wa Ziwa. Askari wa Amin walipoikimbia kambi ya Moroto, Wakaramojong waliingia ghalani wakabeba maelfu ya bunduki, na uporaji wa mifugo ambao kwao pia ni wa kale ukageuka kuwa mauaji ya halaiki. Kusini, Yoweri Museveni, aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye wapiganaji wake wa FRONASA waliingia Uganda bega kwa bega na Watanzania, aliyakataa matokeo ya uchaguzi wa Desemba 1980. Februari 1981 alianza vita vya msituni kwa kuishambulia kambi ya Kabamba. Uwanja wa vita ukawa Luwero. Jeshi la Obote, aliyetangazwa mshindi wa uchaguzi huo, lilipovisafisha vijiji vya Luwero, watoto waliobaki bila wazazi walikimbilia msituni kwa waasi, nao wakawapa chakula, kisha kazi za kubeba mizigo, kisha bunduki. Jina lao likawa kadogo. Museveni alipoitwaa Kampala tarehe 26 Januari 1986, wageni waliokuwa mjini walishangaa kuona baadhi ya waliosimama vizuizini bunduki zao zikikaribia urefu wao. Makadirio ya wakati huo yalitaja watoto kama 3,000 ndani ya jeshi la Museveni, wakiwemo wasichana mamia kadhaa.

Kuwatumia vijana wadogo vitani hakukuanza na bunduki nyepesi za Kirusi, ingawa ndivyo inavyosemwa mara nyingi. Karne moja kabla ya hapo, Mirambo wa Urambo alijenga dola yake kwa ruga-ruga, ambao wengi wao walikuwa vijana wasio na wake, mateka na waliovunjikiwa na koo zao kutokana na biashara ya watumwa na pembe. Mwaka 1876 alimweleza msafiri Stanley waziwazi kwamba huwapendelea vijana: macho yao ni makali, viungo vyao ni vyepesi, na hawana mke wala mtoto wa kumfikiria mshale unaporuka. Hesabu hiyo ndiyo waliyoipiga makamanda wote waliomfuata, kutoka Luwero hadi Kivu. Mirambo alifariki Desemba 1884 na dola yake ikasambaratika. Ruga-ruga hawakuwa na ukoo wa kuwapokea, kwa kuwa ukoo wao ulikuwa jeshi. Miaka michache baadaye Wajerumani waliwakuta watu wa aina hiyo tayari wakitafuta bwana, wakawachukua kama askari wa msaada, na ruga-ruga walitumiwa kuuzima upinzani wa wenyeji, hata katika Vita vya Majimaji. Mpiganaji asiyepokelewa na mtu hupokelewa na vita vinavyofuata.

Uganda ya 1986 ilijaribu kulikwepa hilo, na yastahili kusemwa kwa heshima kwamba ilijaribu mapema, kabla ya dunia kuwa na mwongozo wowote. Baadhi ya kadogo walipelekwa shule maalumu iliyowekwa chini ya jeshi huko Mbarara. Hoja ya jeshi ilikuwa kwamba watoto hawa hawana nyumba nyingine, na kuwatawanya ghafla ni kuwatupa. Wapinzani wa mpango huo walisema shule ndani ya kambi ni kambi. Wote walikuwa na nusu ya ukweli. Shule ilimpa mtoto kalamu, lakini haikumpa mjomba, shamba, wala jirani anayejua jina la mama yake. Kongo ilionyesha mwaka 2001 matokeo ya kutofanya hata hayo. Rais wake, Laurent Kabila, alikuwa ameivuka nchi nzima mwaka 1996 na 1997 akiwa na kadogo wengi mbele ya jeshi lake, na baadhi yao akawaweka kuwa walinzi wake. Tarehe 16 Januari 2001 mmoja wa walinzi hao, kijana aliyeanzia katika ukadogo, alimpiga risasi ofisini mwake.

Mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kwa kina zaidi ni Acholi, kaskazini mwa Uganda. Baada ya 1986 askari wa Kiacholi wa jeshi lililoshindwa walikimbilia kwao, na kutokana na hofu, hasira na unabii wa Alice Lakwena ukazuka uasi ambao mwishowe ulibaki mikononi mwa Joseph Kony. Jeshi lake lilikosa watu wa kujiunga kwa hiari, likaiba watoto. Utafiti uliofanywa Acholi katikati ya miaka ya 2000 ulikadiria kwamba watoto na vijana waliotekwa, hata kama ni kwa siku chache tu, wanaweza kufika 66,000. Mwaka 1994 wazazi na wenyeji wa Gulu walianzisha kituo cha GUSCO cha kuwapokea waliotoroka au kuokolewa, na baada yake vikaja vingine. Januari 2000 ikapita Sheria ya Msamaha. Kila aliyeacha uasi aliweza kupata cheti na mgao wa kuanzia maisha: shilingi 263,000 za Uganda, godoro, blanketi, sufuria, sahani na vikombe, jembe, unga na mbegu. Zaidi ya watu 26,000 kutoka makundi mbalimbali ya waasi walipewa msamaha huo.

Tuutazame mgao huo kwa makini. Godoro na sufuria ni vitu vya nyumba ambayo tayari ipo. Jembe na mbegu ni vya mtu mwenye ardhi. Wengi waliovipokea walikuwa wanarudi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani ambako familia ilibanana katika kibanda kimoja, shamba liko mbali na haliendeki kwa hofu ya majeshi ya pande zote mbili. Kulikuwa na mama jirani ambaye mwanawe alitekwa na hakurudi, na sasa anamwona aliyerudi akishuka garini na godoro jipya. Hapo ndipo inapoanza hoja ya kwanza ya wanaopinga kuwasaidia wapiganaji wa zamani, na ni hoja nzito: kwa nini anayesemekana ameua azawadiwe, na aliyeuliwa mzazi asipate kitu? Jibu langu ni kwamba wana haki ya kukasirika, na kosa ni la mgao wenyewe. Msaada unaotolewa kwa kichwa cha mpiganaji mmoja, mbele ya macho ya kijiji kilichoporwa, unamtenga badala ya kumrudisha. Msaada uleule ukipitia shule ya kijiji, kisima chao na karakana inayofundisha aliyetekwa pamoja na asiyetekwa, unamfanya aliyerudi awe sababu ya kijiji kupata kitu.

Waacholi walikuwa na jibu lao la zamani zaidi. Mtu aliyekuwa mbali na nyumbani kwa muda mrefu, akiwa amegombana na wenziwe au amepita mahali penye uchafu wa kiroho, hakuingia uani mwa ukoo hivihivi. Huwekwa yai bichi juu ya kijiti kichanga cha mti wa opobo, ambao utomvu wake huteleza kama sabuni, na pembeni huwekwa layibi, ufito unaotumika kuinua paa la ghala la nafaka. Anayerudi hulikanyaga yai, huvuka, na upande wa pili wapo wazee na jamaa wanaomngoja. Yai ni kitu kisicho na hatia, na opobo huosha. Layibi ndiyo inayonigusa zaidi, kwa maana inamwambia kwamba ghala alilokuwa akila kabla ya vita bado ni lake. Kwa mauaji kati ya koo mbili kuna mato oput, ambayo ni nzito zaidi: ukweli husemwa, fidia hukubaliwa, kisha pande zote hunywa maji ya mizizi michungu kutoka kibuyu kimoja. Tofauti ya lugha na umbali ni kubwa, lakini mpangilio wake Msukuma wa Itilima angeutambua mara moja: kukiri, kulipa, kula pamoja, kurudi.

Hoja ya pili hutolewa hata na watu wema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, na aliyelelewa na vita atabaki wa vita. Ushahidi haukubaliani nao. Mwaka 1988 huko Maputo, Msumbiji, wavulana 39 wa umri kati ya miaka 6 na 16, waliotolewa katika kambi za waasi wa Renamo, walipokelewa katika kituo cha Lhanguene, kisha wakarudishwa vijijini kwao. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka 16. Walio wengi walioa, walilima au walifanya kazi, walilea watoto wao na kuaminiwa na majirani, ingawa ndoto mbaya hazikuwaisha. Walioshindwa kabisa walikuwa wachache, na waliokaa kambini kwa muda mrefu ndio walioteseka zaidi. Walipoulizwa kilichowasaidia walitaja kupokelewa na familia, tambiko la kutakaswa, na kujifunza ufundi chini ya mtu mzima. Acholi nako, Jeannie Annan na Christopher Blattman waliwahoji mamia ya vijana, waliotekwa na wasiotekwa. Waliotekwa hawakuonekana kuwa wakorofi kuliko wenzao. Walijitokeza zaidi kupiga kura na kuongoza vikundi vya jamii, na wengi mno walisema familia zao ziliwapokea. Pengo lilikuwa kwingine: walikuwa wamepoteza karibu miezi tisa ya masomo kwa wastani, na kipato chao kilikuwa pungufu kwa theluthi moja hivi. Wachache walikuwa na majeraha mazito ya nafsi na walihitaji tiba ya kweli. Waliobaki walihitaji darasa, ada na kazi. Fedha nyingi zilikuwa zimeelekezwa kwenye wiki chache za kituoni na ushauri nasaha, wakati shimo lilikuwa kwenye miaka kumi iliyofuata.

Picha hii njema ina ufa mkubwa, nao ni wasichana. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 waasi waliwachukua wanafunzi 139 wa shule ya St. Mary's huko Aboke. Mtawa wa Kiitaliano, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini akawasihi makamanda, wakamrudishia 109. Thelathini walibaki, wakagawiwa kwa makamanda kama wake. Maelfu ya wengine hawakuwa na mtawa wa kuwafuata wala shule yenye jina. Walirudi na watoto migongoni, na hapo yai na layibi vilishindwa kazi. Ardhi ya Waacholi hupita kwa baba na ukoo wa baba. Mtoto aliyezaliwa msituni hana baba wa kutajwa, au ana baba ambaye jina lake ni kitisho. Mvulana alirudi kwenye shamba la baba yake. Msichana na wanawe walirudi kama wageni kwenye shamba la kaka yake, na mara nyingi wifi hakuwataka. Kongo ilikuwa hivyohivyo: mipango ya kuwapokonya silaha ilihesabu bunduki zilizosalimishwa, na msichana ambaye kazi yake ilikuwa kupika na kulazwa na kamanda hakuwa na bunduki ya kusalimisha, kwa hiyo hakuhesabiwa. Mila haikuwa na nafasi kwa ajili yake, na serikali haikumwona. Hili ndilo kosa lilelile la vikongwe wa Shinyanga, na linathibitisha kwamba mlango wa kijiji unahitaji sheria ya kuuzuia usifungwe kwa wanawake.

Inabaki hoja ya haki. Je, kila aliyeingia akiwa mtoto asamehewe yote? Dominic Ongwen alitekwa akiwa na umri wa miaka kama 9, njiani kwenda shule, akapanda cheo hadi kuwa miongoni mwa makamanda wakubwa wa Kony. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, na Mei mwaka huohuo ikampa kifungo cha miaka 25, ikisema wazi kwamba utoto wake ulipunguza adhabu. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kuteswa utotoni kunaeleza mengi, lakini mtu mzima aliyeamuru watoto wa wengine watekwe ana deni kwao. Thomas Lubanga wa Ituri, Kongo, aliyehukumiwa na mahakama hiyohiyo mwaka 2012 kwa kuwaandikisha watoto, hakuwa hata na utetezi wa kutekwa. Adhabu kwa wakubwa na mlango wazi kwa wadogo ni mambo yanayosaidiana, kwani mama aliyefiwa hupata nguvu ya kumpokea mtoto wa jirani akijua kamanda hakuachwa. Mwaka 2024 mahakama iliamuru wahanga wa Ongwen karibu 50,000 walipwe fidia ya jumla ya zaidi ya euro milioni 52, ambamo kila mmoja angepata euro 750 kama ishara. Ongwen hana fedha hizo, na mfuko wa wahanga unategemea michango ya mataifa.

Mtu wa Bariadi anaweza kuuliza haya yanamhusu nini leo, wakati wezi wa ng'ombe siku hizi husakwa kwa simu na wilaya ina amani. Yanamhusu kwa kuwa vita vipo tena mpakani mwa nchi yake, safari hii kusini. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, nchini Msumbiji, inawaka, wavulana wametekwa na kutiwa jeshini na waasi, wasichana wameozeshwa kwa nguvu, na vijana wa Kitanzania wametajwa miongoni mwa wapiganaji. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. Wako watakaorudi, kama walivyorudi watu wa 1979, na wengine wao waliondoka wakiwa watoto. Simiyu ina la kuwaambia Wanamtwara kwa sababu imeona pande zote: mabavu ya 1976, kutengwa na kurudishwa kwa Sungusungu, pia vikundi vya vijana vilivyokabidhiwa mtaji vikaanzisha kiwanda cha chaki Maswa na cha kusindika maziwa Meatu.

Nyenzo za kuanzia zipo. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri za mikoa ya kusini ziamue sasa, kabla ya gari la kwanza la wanaorudi kufika, kwamba aliyetekwa akiwa mtoto ataingizwa katika vikundi hivyo pamoja na wenzake wa kijiji, na kwamba msichana aliyerudi na mtoto atapewa kiwanja na hati kwa jina lake bila kungoja ukoo ukubali. Wizara yenye dhamana ya watoto iitishe wazee walio hai waliowahi kukaa katika dagashida za miaka ya 1980, iwasikilize jinsi mtu alivyorudishiwa salamu, na pia jinsi wengine walivyonyimwa bila haki. Na walimu wakuu wasimkatae mtoto wa miaka 15 anayetaka kuanza darasa la tatu.